Chumba Kilichobaki Wazi: Habari za Nyumba za Halmashauri na Msaada wa Kodi katika Uingereza



Katika kikao cha Kamati ambamo hesabu za Mfuko wa Kodi zilisomwa, lilitolewa pendekezo ambalo halikuamuliwa, nalo likaahirishwa mpaka Mkutano Mkuu. Pendekezo lenyewe ni hili: kwamba mwanachama aombaye msaada wa kodi, naye anakaa katika nyumba ya halmashauri yenye vyumba kupita mahitaji yake, apunguziwe msaada huo mpaka atakapokubali kuhamia nyumba ndogo. Mzee aliyelitoa hakulitoa kwa uchoyo. Alisema, na maneno yake yameandikwa katika kumbukumbu, kuwa wako wajane wanaokaa peke yao katika vyumba viwili, hali vijana wenye watoto watano wamebanana katika chumba kimoja, na mfuko wetu ni ule ule mmoja. Akaongeza kuwa hata kule Uingereza Serikali yafanya vivyo hivyo.

Kwa kuwa mimi ndimi ninayetunza karatasi za Chama, niliagizwa nitafute habari za jambo hilo la Uingereza nizilete katika taarifa hii ya mwaka. Nimezitafuta. Ni kweli kwamba wanafanya hivyo. Lakini kanuna hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ina wazazi wake na ina wajukuu wake, na yafaa wanachama wawajue wote kabla ya kupiga kura.

Tuanze mbali kidogo. Katika karne ya kumi na tisa wafanya kazi wa miji ya Uingereza walikaa katika nyumba za watu binafsi, nyingi zikiwa chafu na zenye msongamano, jamaa nzima wakilala chumba kimoja. Sheria ya mwaka 1890 iliziruhusu halmashauri za miji kujenga nyumba za kupangisha, na katika London mtaa wa Boundary, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa mahali palipobomolewa vibanda vya maskini. Hata hivyo nyumba za namna hiyo zilikuwa chache, na waliozipata mara nyingi hawakuwa wale waliobomolewa vibanda vyao, kwa sababu kodi iliwashinda.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyogeuza mambo. Katika mji wa Glasgow, ambako maelfu ya watu waliingia kufanya kazi katika viwanda vya silaha na vya meli, wenye nyumba walipandisha kodi hali waume wengi wako vitani. Mwaka 1915 akina mama wa mtaa wa Govan, wakiongozwa na Bibi Mary Barbour, walikataa kulipa nyongeza. Wadai walipokuja kutoa vyombo nje, wanawake walijazana mlangoni wakawazuia. Mgomo ulienea hata ukafikia yapata jamaa 20,000, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likapitisha sheria ya kuzuia kodi zisipande. Naandika habari hii kwa sababu wengi hudhani nyumba za halmashauri zilikuwa zawadi ya Serikali. Zilitanguliwa na wanawake waliosimama mlangoni.

Vita vilipokaribia kwisha, kamati iliyoongozwa na Sir John Tudor Walters ilitoa taarifa yake mwaka 1918 juu ya nyumba zitakazojengwa kwa wafanya kazi. Kamati hiyo ilitaka nyumba zisizidi 12 katika eka moja mijini, kila nyumba iwe na bustani na mahali pa kuogea, na jambo ambalo nawaomba wanachama walishike mkononi mpaka mwisho wa makala hii, nyumba ya kawaida iwe na vyumba vitatu vya kulala. Kwa nini vitatu? Kimoja cha baba na mama, kimoja cha wavulana, kimoja cha wasichana. Halikuwa jambo la anasa, bali la adabu na afya. Mwaka uliofuata, yaani 1919, Waziri wa Afya, Dakta Christopher Addison, alipitisha sheria iliyozilazimisha halmashauri kutazama upungufu wa nyumba katika miji yao na kujenga, nayo Hazina ikabeba sehemu kubwa ya hasara. Pesa zilikatwa upesi, mwaka 1921, lakini halmashauri zilikwisha pata njia ya kujenga nyumba zaidi ya 170,000. Sheria ya John Wheatley ya mwaka 1924 ikaongeza yapata 500,000 nyingine. Huko Becontree, mashariki ya London, halmashauri moja peke yake ilijenga nyumba zaidi ya 25,000 kati ya 1921 na 1935.

Basi mitaa mingi ya Uingereza ikajengwa kwa kipimo hicho cha jamaa yenye watoto. Nyumba ndogo za mtu mmoja hazikujengwa nyingi, kwa kuwa halmashauri ziliona mzigo wao ni watoto. Aliyehesabu vyumba hivyo mwaka 1919 aliwahesabu watu wakiwa wadogo. Hakuwaza kwamba watoto hukua wakaondoka, na kwamba baba hufa, na mama akabaki na funguo.

Kodi za nyumba hizo nazo zilikuwa kubwa kwa maskini. Aliyejaribu kwa nguvu kulitengeneza jambo hili alikuwa kasisi wa kanisa katika mji wa Leeds, Charles Jenkinson, ambaye alikuwa pia diwani. Aliona kuwa Serikali hutoa ruzuku ili nyumba ziwe rahisi, lakini ruzuku hiyo humfikia mwenye mshahara mzuri sawasawa na asiye na kazi. Mwaka 1934 Leeds ikaanza utaratibu wa kodi kufuata hali ya mtu: mwenye uwezo alipe kodi kamili, asiye nacho alipe kidogo, na fukara kabisa asilipe kitu. Twaweza kusema kwamba msaada wa kodi kwa maana tunayoijua ulipata umbo lake katika chumba cha mikutano cha mji huo. Lakini wapangaji waliopandishiwa kodi walikasirika, na wengine walichukia kuulizwa na karani mapato ya watoto wao. Mwaka 1935 chama cha Jenkinson kilishindwa katika uchaguzi wa mji, na habari ya kodi ilikuwa miongoni mwa sababu. Mimi nikiwa karani nayafahamu maswali hayo, maana ndiyo ninayowauliza ninyi katika fomu ya Mfuko. Wala sijapata kumwona mtu anayejibu akiwa na furaha.

Mwaka huo huo wa 1935 Bunge lilipitisha sheria ya msongamano, na hapo ndipo hesabu ya watu na vyumba ilipoingia katika vitabu vya sheria waziwazi. Chumba kimoja kiliruhusiwa watu wawili, vyumba viwili watatu, vyumba vitatu watano. Mtoto mchanga asiyetimiza mwaka hakuhesabiwa kabisa, na mtoto wa mwaka mmoja mpaka kabla ya kutimiza 10 alihesabiwa nusu mtu. (Mama mmoja niliyemsomea habari hii alisema kwamba waliotunga sheria hiyo hawakupata kulala kitanda kimoja na mtoto wa miaka minne.) Sebule nayo ilihesabiwa kuwa chumba cha kulala. Kipimo kilikuwa cha kubana, lakini nia yake ilikuwa kumlinda mpangaji: ikiwa watu wamezidi, kosa liondolewe kwa kuwapatia nafasi kubwa zaidi. Hesabu ile ile, ikigeuzwa ndani nje, yaweza kumwambia mtu kwamba nafasi yake imezidi. Ilichukua miaka mingi kabla ya kugeuzwa.

Hapa nageuka kidogo kutazama kwetu, kwa sababu katika miaka hiyo hiyo utawala wa Kiingereza ulikuwa ukihesabu katika Nairobi pia, ila haukuhesabu vyumba. Ulihesabu vitanda. Nyumba za Kariokor, zilizochukua jina kwa wapagazi wa Vita Kuu, zilijengwa mwaka 1929 kuwa mabweni ya wanaume. Katika mitaa mingi ya Waafrika mpangaji alilipia nafasi ya kitanda, si chumba, na mwenzake wa kitanda cha pili aweza kuwa mtu asiyemjua kabisa. Fikira iliyokuwa chini ya desturi hiyo ni kwamba Mwafrika ni mgeni mjini; mkewe na watoto wake wako kijijini, na mshahara wake wahesabiwa kwa tumbo moja. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940 kwa kufuata mfano wa mitaa ya bustani ya Uingereza, ilikuwa mojawapo ya mahali ambapo mtu aliweza kukaa na jamaa yake kwa heshima. Kamati ya F. W. Carpenter juu ya mishahara ya Waafrika ndiyo iliyosema waziwazi, katika taarifa yake ya mwaka 1954, kwamba mshahara wapasa kutoka kipimo cha mseja kufika kipimo cha mtu mwenye mke na watoto, pamoja na gharama ya nyumba. Mabaki ya fikira ya kwamba mwajiri hana budi kumpa mtumishi wake nyumba au pesa ya nyumba yamo katika sheria zetu hata leo, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007.

Nimeyaleta haya ili wanachama wajue kwamba chumba cha pili katika nyumba zetu kilipiganiwa. Wazee wetu walitoka kwenye kitanda wakafika kwenye chumba, wakatoka kwenye chumba kimoja wakafika kwenye viwili. Mtu akimwambia mjane kwamba chumba chake cha pili ni cha ziada, na alisemee hilo mbele ya mtu anayekumbuka jinsi kilivyopatikana.

Turudi Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1948, sheria ya msaada wa taifa ilianza kuwalipia kodi watu wasio na mapato. Mwaka 1972 sheria nyingine iliziamuru halmashauri zote zipandishe kodi na wakati huo huo ziwapunguzie maskini kwa kipimo kimoja cha nchi nzima. Katika mji mdogo wa Clay Cross madiwani 11 walikataa kupandisha, wakatozwa fedha na kuondolewa katika udiwani. Mwaka 1980 Serikali ya Bibi Margaret Thatcher iliwapa wapangaji haki ya kununua nyumba zao kwa bei iliyopunguzwa toka theluthi moja hadi nusu, na kufikia mwaka 1990 zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeuzwa. Zilizouzwa sana ni nyumba nzuri zenye bustani. Halmashauri hazikuruhusiwa kutumia kwa uhuru fedha zote za mauzo kujengea nyingine, basi hazina ya nyumba ikapungua mwaka hata mwaka. Kisha misaada mbalimbali ya kodi ikaunganishwa kuwa msaada mmoja unaotolewa na halmashauri, ulioanza Novemba 1982 na kukamilika Aprili 1983.

Kwa miaka 30 tangu hapo, mpangaji wa halmashauri aliyekuwa maskini alilipiwa kodi ya nyumba aliyopewa, bila kuulizwa idadi ya vyumba. Halmashauri zilizotaka nyumba kubwa zirudi kwa jamaa zenye watoto zilitumia njia nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hiari: mtu aliyekubali kuhama alilipwa pesa kidogo, akasaidiwa gharama za kuhamisha vyombo, na mara nyingi akapewa nafasi ya mbele katika orodha ya nyumba ndogo. Ya pili ilikuwa ya sheria, lakini ilikuwa na mipaka. Mpangaji akifa na nyumba ikarithiwa na mwanawe au ndugu mwingine, halmashauri iliweza kuomba mahakamani arudishe nyumba iliyo kubwa kupita haja yake, mradi apewe nyingine inayomfaa. Mjane wa marehemu hakuguswa na kifungu hicho. Tena notisi haikuweza kutolewa kabla ya miezi 6 kupita tangu kifo, wala baada ya miezi 12. Mimi naiona hekima katika miezi ile sita. Hakuna mtu anayepaswa kupokea barua ya vyumba kabla matanga hayajasahauliwa.

Mambo yaligeuka mwaka 2010. Serikali mpya ilitaka kupunguza gharama za misaada, na Waziri wa Fedha, George Osborne, alitangaza katika bajeti ya Juni kwamba msaada wa kodi utafuata ukubwa wa jamaa. Sheria ikapita Machi 2012, chini ya Waziri Iain Duncan Smith, na kuanza kazi tarehe 1 Aprili 2013. Serikali iliiita kuondolewa kwa ruzuku ya chumba cha ziada. Wapinzani wakaiita ushuru wa chumba cha kulala. Nasema ushuru kwa makusudi, maana sisi twatumia neno kodi kwa pesa za mwenye nyumba na kwa pesa za Serikali pia, na hapa mambo hayo mawili yakichanganywa msomaji atapotea.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mume na mke walipewa chumba kimoja. Kila mtu mwingine aliyetimiza miaka 16, chumba chake. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 walipaswa kulala pamoja, na watoto wawili walio chini ya miaka 10 walipaswa kulala pamoja hata kama ni mvulana na msichana. Nyumba ikizidi hesabu hiyo kwa chumba kimoja, msaada ulipunguzwa kwa 14 kwa mia ya kodi. Ikizidi kwa vyumba viwili au zaidi, 25 kwa mia. Kwa mfano, kodi ikiwa pauni 80 kwa juma, aliyezidisha chumba kimoja alikosa pauni 11 na peni 20, na aliyezidisha viwili alikosa pauni 20, nazo ilimpasa azitoe katika pesa zake za chakula na za moto. Wazee waliofikia umri wa pensheni waliachwa nje ya kanuna hiyo.

Serikali ilikuwa na hoja zake, wala si haki kuzificha. Ilisema kwamba wapangaji wa nyumba za watu binafsi, tangu Aprili 2008, walikuwa wakipata msaada kwa kipimo cha vyumba, basi kwa nini wa halmashauri wawe tofauti? Ilisema pia kwamba jamaa nyingi zimebanana na zangoja nyumba kubwa. Hoja ya pili ni ile ile ya mzee wetu katika Kamati. Lakini kuhusu ile ya kwanza, kipimo cha 2008 kiliwahusu walioomba upya au waliohama. Mtu aliyekuwa ndani tayari hakukatiwa. Cha 2013 kiliwaangukia watu waliokwisha kaa miaka ishirini au thelathini, tena katika nyumba ambayo halmashauri yenyewe ndiyo iliyowapa.

Serikali ilikadiria kwamba jamaa 660,000 zitaguswa, kila moja ikikosa wastani wa pauni 14 kwa juma. Yapata theluthi mbili za jamaa hizo zilikuwa na mtu mlemavu ndani yake. Hilo lilipojulikana, maswali yakaanza kumiminika, na kila swali lilikuwa mtu. Mume anayemwuguza mkewe ambaye hawezi kulala naye kitanda kimoja, je, chumba chake cha pili ni cha ziada? Mzazi wa kulea, ambaye mtoto wa serikali hajaletwa bado? Kijana aliye askari kambini, chumba chake kimekuwa wazi? Majuma machache tu kabla ya kanuna kuanza, Machi 2013, Serikali ililegeza kwa wazazi wa kulea na kwa vijana askari. Kwa wengine ilizipa halmashauri fungu la fedha za hiari, zitolewe kwa muda kwa wale zitakaoona wanastahili, nao wapeleke maombi upya muda ukiisha.

Pia sheria haikueleza chumba cha kulala ni nini. Haikutaja upana wala urefu. Kijichumba ambacho hakiingii kitanda na kabati pamoja kiliweza kuhesabiwa sawa na chumba kikubwa, kwa kuwa mwenye nyumba alikiandika hivyo zamani katika karatasi za upangaji. Baadhi ya halmashauri zilianza kupitia karatasi zao na kuandika upya vyumba vya namna hiyo kuwa si vya kulala, Leeds ya Kasisi Jenkinson ikiwamo. Kisha ikagunduliwa kwamba kanuni za zamani, zisizofutwa vizuri, ziliwakinga wale waliokuwa wakipokea msaada mfululizo katika nyumba ile ile tangu 1 Januari 1996. Pengo hilo likazibwa Machi 2014, lakini kwa miezi 11 watu walikuwa wamekatwa pesa kinyume cha sheria, ikabidi warudishiwe.

Sasa nafika kwenye swali ambalo ndilo kiini cha pendekezo letu: je, watu walihama? Uchunguzi uliofanywa kwa amri ya Serikali yenyewe ulionyesha kwamba katika miezi sita ya kwanza, katika kila wapangaji 100 walioguswa, hawakufika watano waliohamia nyumba ndogo za halmashauri au za vyama vya nyumba. Wengi walibaki walipokuwa, wakapunguza chakula, wakakopa kwa ndugu, au wakaangukia deni la kodi. Wala si kwamba wote walikuwa wakaidi. Katika miji mingi, hasa ya kaskazini, nyumba za chumba kimoja hazikuwapo za kuwatosha. Zilizojengwa tangu 1919 zilikuwa za vyumba vitatu, vile vile nilivyowaomba mvishike mkononi. Mtu alikatwa pesa kwa kukaa katika nyumba ya aina iliyojengwa, kwa sababu hakuhamia katika nyumba ya aina isiyojengwa. Na aliyekwenda kupanga nyumba ndogo ya mtu binafsi mara nyingi alikuta kodi yake imeizidi ile ya nyumba kubwa ya halmashauri, hata msaada ambao Serikali ilimlipia huko ukawa mkubwa zaidi.

Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya makazi, Bibi Raquel Rolnik wa Brazili, alizuru nchi hiyo mwaka 2013, akashauri kanuna isimamishwe. Mawaziri walimkasirikia sana. Serikali ya Skotlandi haikungoja. Tangu 2014 ilitoa fedha za kufidia pengo lote kwa watu wake, na Ireland ya Kaskazini ilipoanza kanuna hiyo mwaka 2017 iliweka fidia pia. Tarehe 9 Novemba 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kumnyima chumba mtu ambaye kwa ulemavu hawezi kulala na mwenzi wake, au mtoto mlemavu anayehitaji mlinzi wa usiku, ni ubaguzi usio na sababu, na kanuni zikabadilishwa Aprili 2017. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kosa pia katika kumkata mwanamke ambaye nyumba yake ilitengenezwa kwa chumba cha kujikinga na mtu aliyetishia uhai wake. Chama kilichoahidi mwaka 2013 kwamba kikishika Serikali kitaifuta kanuna kilishika Serikali Julai 2024, wala hakikuifuta.

Basi hizo ndizo habari nilizotumwa kuzitafuta. Mzee wetu alisema kweli kwamba Uingereza yafanya; asichoambiwa ni kwamba kule nako wajane wa umri wa wajane wetu hawakatwi, kwa kuwa wameachwa nje tangu siku ya kwanza.

Nilipomaliza kuandika nilichukua daftari la Mfuko nikatazama majina ya wale ambao pendekezo lingewagusa. Mmoja ana mjukuu anayekuja kulala kwake siku za shule na kurudi kwa mama yake Jumamosi. Fomu yetu haina mahali pa kumwandika. Mwingine amepangisha chumba cha pili kwa siri, nami sitamtaja, bali yafaa Kamati ijue kwamba chumba kinachoitwa kitupu pengine ndicho kinachomlisha mwenyewe. Wa tatu aliniambia yuko tayari kuhama hata kesho, akionyeshwa chumba kimoja chenye mlango unaofungika, karibu na kanisa lake, na watu wa kumbebea kabati. Hajaonyeshwa.

Kwa hiyo naomba ruhusa ya kuongeza jambo moja katika pendekezo kabla halijapigiwa kura. Kila jina litakaloandikwa kwa kupunguziwa msaada, na liandikwe kando yake mtaa na nambari ya nyumba ndogo iliyo wazi, ambayo mwanachama huyo ameiona kwa macho yake, pamoja na kiasi ambacho Mfuko utatoa kwa mkokoteni na wapagazi. Na mwanachama aliyefiwa asiandikwe kabla ya miezi sita. Daftari litakuwa mezani siku ya Mkutano Mkuu, na safu ya nambari hizo nimekwisha ipiga mistari.